Friji ya zamani ya boti: niifufue, nibadilishe, au nirudi kwenye barafu?

Kaimati: Wakuu, boti yangu ya futi 34 iko Tanga, naenda nayo Pemba siku tatu nne. Friji ni ya zamani: kompresa inazungushwa na injini kwa mkanda, ndani ya sanduku kuna sahani mbili za kugandisha. Awali niliwasha injini lisaa limoja asubuhi, jingine jioni. Sasa masaa matatu hayatoshi. Gesi yake ya kupozea ni R-12. Nifanyeje?

FundiBaridi: R-12 sahau, Mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni uliifunga hata kwa nchi zetu mwaka 2010. Gesi mbadala, 134a, inaingia, ila si kumimina tu. Oili ya zamani haichanganyiki nayo, hairudi kwenye kompresa. Mwaga, weka oili ya sintetiki ya POE, draya mpya (kichujio cha kunyonya unyevu), kisha piga vakyumu ya kweli, yaani nyonya hewa yote kwenye mabomba, si dakika tano. Pitisha kidole mbele ya kompresa, nyuma ya puli. Ukikuta mafuta, sili imechoka, gesi inatokea hapo.

BintiMikoko: Kaka, mimi niling'oa yote, nikafunga kompresa ya umeme, Danfoss BD35 ya volti 12. Ikizunguka inakula kama ampea 4, na kwa joto letu inazunguka nusu ya siku, kwa hiyo weka hesabu ya ampea-saa 50 kwa siku. Sola ya wati 200 inatosha jua likiwaka. Masika usiitegemee. Na waya uwe mnene! Yangu ilikuwa inazima kila usiku, kitaa chake cha hitilafu kinapepesa mara moja, kinatulia, kinarudia, ishara ya volti kushuka, nikalaumu betri. Kumbe waya mwembamba ndio unaopoteza volti.

Mvuvi_Kilwa: Barafu haina waya 😄 Samaki wa kuuza mimi sijawahi kumwamini friji.

Kaimati: Kuna fundi kaniambia nitie gesi ya jikoni, eti inapoza kuliko zote.

FundiBaridi: Inapoza, ndiyo. Lakini ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka ngamani, chini kabisa ya boti, inakaa pale ikisubiri cheche ya stata ya injini. Usithubutu.

MzeeWaMtepe: Vijana mmekimbilia mashine, hakuna aliyeuliza sanduku. Kaimati mwanangu, zima friji, weka kilo 10 za barafu magharibi, funga, fungua asubuhi.

Kaimati: Shikamoo mzee. Nimefanya. Saa 11 alfajiri hakuna hata kipande, maji matupu. Nimetoboa tundu dogo chini, upande wa injini: fomu ya kuzuia joto ukutani imetoka imelowa, ukiiminya inachuruzika kama sifongo.

MzeeWaMtepe: Marahaba. Fomu iliyolowa haizuii joto. Ndiyo ugonjwa wa friji yako huo.

BintiMikoko: Toa fomu yote, weka mpya ya sentimita 10, ziba kwa fiba kila tundu la bomba. Ukishafanya hivyo hata BD35 itapumua.

Kaimati: Nimeanza kubomoa. Kompresa nitaamua sanduku likikauka. Kwa sasa nitaenda na barafu ya Mvuvi.

Mvuvi_Kilwa: Nilisema mimi.