Tupeane uzoefu: diski ya mgongo, nani alipasuliwa, nani alingoja, na aliamua vipi

MwalimuWaAmu
Assalam aleikum wapendwa. Naomba walopitia hii kitu ya diski ya kiuno, kile kitakio kati ya pingili za mgongo, wanieleze waliamua vipi, sitaki kusikia kupona tu, ni kule kuamua kwenyewe ndiko kunakonikosesha usingizi. Nafundisha shule ya msingi hapa Amu, kisiwani Lamu. Maumivu yalianza kiunoni yakashuka tako la kushoto, nyuma ya paja, mpaka kwenye unyayo, na sai mgongo wenyewe hauumi sana, ni mguu, nikikohoa unapiga shoti, nikikaa darasani kipindi kizima nainuka nimeshika ukuta. Kuswali naswali kwenye kiti. Nimeenda Mombasa nikapigwa MRI, ripoti inasema diski ya L5-S1, ile ya chini kabisa kiunoni, imetoka na inabana mshipa wa fahamu. Daktari wa kwanza kanambia waweza kupasuliwa au kungoja, chaguo ni lako. Wa pili kasema nipasuliwe haraka. Nyumbani kila mtu na lake, mamangu hataki kusikia habari ya kisu karibu na uti wa mgongo, mume wangu yuko tayari kuuza boti, na boti ndio riziki yetu. Walopasuliwa, walochomwa sindano, walongoja, semeni. Na semeni mwafanya kazi gani, maana mgongo wa mwenye kukaa na wa mchukuzi haufanani.

TuktukMaweni
Waaleikum salaam mwalimu, pole sana. Mi naendesha tuktuk hapa Malindi, yangu ilikuwa L4-L5, ile inayofuata juu ya yako, mguu wa kulia. Nlingoja. Na nlingoja kwa sababu daktari alinipima nguvu kwanza kabla hata ya kuangalia ile picha, akanambia tembea kwa visigino, haya sasa tembea kwa ncha za vidole, haya sukuma mkono wangu na dole gumba la mguu. Zote nikaweza. Akasema maadam nguvu iko na haja ndogo na kubwa ziko sawa basi una nafasi, wengi maumivu ya mguu hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Nkamuuliza na hiyo nyama ilotoka itarudi vipi? Akanambia hairudi ndani, mwili wenyewe ndio unaila kidogo kidogo, na kile kipande kikubwa kilochotoka nje kabisa mara nyingi huisha vizuri kuliko kile kilichovimba tu. Hapo nlipata moyo maana changu kilikuwa kikubwa na ndio kilichokuwa kinanitisha.

Sitawadanganya, wiki za mwanzo usiku nlikuwa nalia. Tuktuk nikampa mdogo wangu tukawa twagawana hesabu, mimi nikawa natembea asubuhi kabla ya jua kali, kutoka jeti mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama na kurudi, polepole, nachoka napumzika. Nikilala kitandani siku nzima kesho yake ndio balaa zaidi. Halafu maumivu yakaanza kupanda, yakatoka unyayoni yakabaki pajani, yakatoka pajani yakabaki takoni, fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akafurahi akasema yakipanda hivo kuelekea kiunoni ni dalili nzuri, na kweli. Sai nafanya kazi, ila kila baada ya masaa mawili hivi nashuka najinyoosha na mtungi wa gesi wa abiria sibebi, anibebee yeye mwenyewe.

BintiMambrui
Pole mwalimu. Mimi naongea kama mtoto wa mgonjwa. Baba alianza na hijama, ile ya kuumikwa, na kukandwa na mafuta ya habasoda, na nitasema haki, kukandwa kwa upole kulimlegeza ile misuli iliyokaza akapata kulala, na usingizi kwa mtu wa diski ni jambo kubwa. Lakini akaja mtu mwengine tukaambiwa ni fundi wa mifupa, akamlaza kifudifudi akamkanyaga kwa kisigino pale pale kiunoni ati airudishe diski. Baba alipiga ukelele mpaka majirani wakaja. Toka siku ile ganzi ikaongezeka. Kwa hivo mama akitaka ukandwe, mwachie akukande mapaja na mgongo kwa mkono wake mwenyewe, yeye atatulia moyo na wewe utapata nafuu. Kukanyagwa, kuvutwa miguu, kupindwa mgongo mpaka mifupa ialike, kataa kabisa, awe nani awe nani.

FundiMatondoni
Mimi ndio nilopasuliwa. Ni seremala wa majahazi, nimekua nikiinama chini ya mkuku toka utotoni. Yangu haikuwa ya kuchagua sana. Nilikuwa natembea kuelekea bandani ndara ya kushoto ikavuka mguuni na mimi sikujua, nikaenda hatua kadhaa mguu mtupu mpaka mtoto akanifuata ameishika. Kesho yake vidole vinagonga ngazi kila nikipanda. Mguu haukuwa unauma sana tena, ndio watu wakawa wanasema alhamdulillahi unapoa. Kumbe haupoi, unakufa ganzi na nguvu inatoka. Daktari Mombasa aliposhika kile kidole gumba na kuniambia nikiinue, nikawa nakitazama tu hakiendi, akasema hii hatungoji wiki nyingine.

Sasa upasuaji wenyewe mwalimu, watu wanauogopa kwa kutoujua. Hawatoi diski nzima, wala hawakati uti wa mgongo. Unalazwa usingizi, wanafungua pahali padogo mgongoni, wanasogeza mshipa wa fahamu wanatoa kile kipande kinachoubana basi. Niliamka ile shoti ya mguu haiko, siku hiyo hiyo, nikadhani ni dawa ya usingizi, haikurudi. Nguvu ya mguu ndio ilichukua miezi kurudi na ganzi ya juu ya unyayo mpaka leo ipo kidogo. Na daktari aliniambia kabla, nakushukuru mpaka leo daktari kwa kunambia ukweli, kwamba upasuaji huu ni wa mguu, usitegemee utaondoa maumivu ya kiuno. Ni kweli, nikishinda nimeinama kiuno kinaniuma kama zamani. Pia alinambia ina hatari zake, kuingia maambukizi, ule utando wa uti kutoboka, na kwamba kwa watu kama 5 mpaka 10 katika kila 100 diski ile ile hutoka tena. Akanambia niache sigara. Nimeacha.

ChumviGongoni
Upande wa sindano basi. Nlikuwa nabeba magunia kwenye mashamba ya chumvi huku Gongoni. Nlichomwa ile sindano ya steroidi, dawa ya kupoza uvimbe, mgongoni karibu na mshipa, wanaangalia kwa eksirei wakati wa kuchoma. Nlipata nafuu ya wiki kadhaa, ikanisaidia nikaweza kufanya mazoezi ambayo mwanzo hata kuanza sikuweza. Haikuponya diski, na sikuambiwa itaponya. Mwenye sukari aseme mapema kwa daktari, mimi ninayo na sukari ilipanda siku kadhaa baada ya sindano, nlikuwa nishatahadharishwa nikawa napima. Na zile sindano za maumivu za kuchomwa duka la dawa kila uchao tuachane nazo, tumbo na figo na presha hazisamehe. Kazi nimebadilisha, sai napima na kuandika magunia, sibebi.

FizioMalindi
Niongeze hapa kwa sababu nawaona wagonjwa hawa kila wiki. Kwanza diski yenyewe: pembeni ina ukingo mgumu wa nyuzi nyuzi, katikati ni laini kama nyama ya dafu changa. Ukingo ukipasuka ile laini inatoka, na ikigusa mshipa wa fahamu haiubani tu, inauwasha na kuuvimbisha. Huo uvimbe ukipoa maumivu yanapungua hata kama picha haijabadilika. Ndio maana ripoti ya MRI peke yake haiamui. Ukiwapiga MRI watu wazima wasioumwa chochote utakuta wengi diski zao zimechomoza na wanaenda zao sokoni. Picha lazima ilingane na mguu unaouma, na ukali wa maneno ya ripoti usiwatishe.

Pili, madaktari wawili wa mwalimu wanaweza wote kuwa na hoja. Uholanzi walifanya utafiti uliotoka 2007, wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 mpaka 12, nusu wakapangiwa upasuaji mapema, nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida na kupasuliwa ikibidi. Walopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili kama asilimia 95 walikuwa wamepona. Lakini msisahau upande wa pili, katika wale wa kungoja kama asilimia 39 walishindwa kuvumilia wakapasuliwa ndani ya mwaka huo. Kwa hivo mtu mwenye nguvu kamili mguuni, swali lake ni ataweza kuishi na haya maumivu miezi mingapi, kazi yake inaruhusu, nyumbani kuna wa kumsaidia. Hilo daktari hawezi kukujibia, ndio yule wa kwanza akasema chaguo ni lako.

Tatu, vile vidonge vya pregabalini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu, ambavyo kila mtu anapewa, Australia walivijaribu kwa maumivu haya haya, matokeo yakatoka 2017, havikushinda vidonge vitupu visivyo na dawa na vilileta kizunguzungu zaidi. Anayevitumia asiache ghafla, azungumze na daktari wake.

Mwalimu, yako ni L5-S1, simama ushike ukuta, inuka kwa ncha za vidole mguu mmoja mmoja. Tuambie.

MwalimuWaAmu
Nimefanya sasa hivi hapa barazani, binti yangu ananihesabia. Mguu wa kulia nimeinuka mpaka nikachoka mwenyewe. Wa kushoto nimeinuka mara chache kisha kisigino kikagoma, hakiinuki, na hauumi, ni hakuna tu. Visigino natembea sawa miguu yote. Moyo umenienda mbio wallahi, hakuna alonipima hivi, wote wawili waliangalia filamu ya MRI tu.

FizioMalindi
Usishtuke mwalimu, udhaifu kidogo uliotulia si lazima upasuliwe, wengi nguvu hurudi. Ila usikae nao bila mtu kuupima na kuuandika. Wiki hii onana na daktari umwambie maneno hayo hayo, mguu wa kushoto hauinuki kwa vidole, akupime. Kisha nyumbani jipime kila baada ya siku chache. Ukizidi kupungua, hiyo ndiyo sababu ya kuharakisha, yule wa pili atakuwa na haki.

MamaWatatu
Mimi sikutaka kuandika lakini naandika kwa ajili ya watu wa visiwani. Ndugu yangu tuko naye Lamu, diski yake ilikuwa inajulikana. Siku moja akasema mkojo hautoki na akikaa hahisi pale anapokalia, sehemu za siri zote zimekufa ganzi, kuzunguka haja kubwa pia. Sisi tukasema ni joto, ni mkojo mchafu, akapewa maji ya madafu. Usiku mzima ukapita. Asubuhi miguu yote miwili hoi. Ile mishipa ya mwisho wa uti inakuwa imebanwa yote, na hapo hakuna tena habari ya kungoja wala kuuliza ukoo, inatakiwa mtu apasuliwe haraka, ndani ya siku mbili hizi za mwanzo. Tulimvusha Manda akapanda ndege, alhamdulillahi anatembea, lakini mkojo mpaka leo anatumia mpira wa kuutolea. Kutoka huku mpaka kwa daktari wa upasuaji kuna maji, kuna Mokowe, kuna safari nzima ya Garsen na Malindi, na usiku hakuna wa kukuvusha tu hivi hivi. Kwa hivo mwalimu, hata ukichagua kungoja, weka namba ya mwenye boti na pesa ya nauli kando, na mwambie mumeo hizo dalili kwa majina yake bila haya. Mkojo kukwama au kutoka wenyewe, haja kubwa hivyo hivyo, ganzi ya kukalia, miguu yote miwili. Moja tu ikitokea mnaondoka.

MwalimuWaAmu
Allah akuhifadhie nduguyo dada yangu. Nimemsomea mume wangu, amenyamaza kisha akaenda kuongeza petroli kwenye boti.

Basi nimeamua hivi. Jumatatu narudi Mombasa kwa yule daktari wa kwanza, apime mguu. Akikuta udhaifu ni mdogo nitangoja na fizio, tupange naye tarehe ya kunipima tena, na ikifika maumivu ni haya haya au nguvu imepungua, napasuliwa. Boti haiuzwi kabla sijajua SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipia kiasi gani, nitauliza ofisini kwao kesho. Mamangu nimemweleza kwamba hawakati uti wenyewe, ameniuliza mara tatu, kisha akasema atakuja na mimi. Swali moja lililobaki, kwa FundiMatondoni: safari ya kurudi baada ya kupasuliwa uliiwezaje? Basi mpaka Mokowe na kisha boti.

FundiMatondoni
Sikurudi siku ile ile nilotolewa hospitali, nilikaa kwa jamaa Mombasa mpaka nikaweza kutembea bila kushikwa, daktari akaruhusu. Kwenye basi chukua kiti cha mbele, nyuma kunarusha, na kila basi likisimama wewe shuka utembee, Malindi, Minjila, popote. Mzigo asikupe mtu hata mkoba. Mokowe pigia simu mapema uulize maji, uvuke yakiwa yamejaa, maana yakiwa yamekupwa boti inakuwa chini mno na zile ngazi za jeti zina utelezi, kuinama na kuruka ndio usichokitaka. Mumeo ni nahodha, aje na boti yake mwenyewe, aende polepole asipige mawimbi. Na Amu ukishuka usipande punda, tembea mpaka nyumbani.