Naomba ushauri: ganzi ya miguu kwa mgonjwa wa kifua kikuu sugu

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wale waliopitia matibabu ya kifua kikuu sugu au waliowahi kumuuguza mgonjwa wake. Mdogo wangu, mvuvi wa hapa Kirumba, yuko mwezi wa 4 kati ya 6 wa dawa za kumeza: bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Tunashukuru kwamba kikohozi kimekwisha, na kwamba hakuchomwa zile sindano za zamani zilizowaacha wengi wakiwa viziwi.

Shida iko miguuni. Usiku nyayo zinamwaka moto, mchana zina ganzi, na juzi alirudi kutoka mwaloni na ndala moja bila kujua kwamba nyingine imebaki matopeni. Nilipomwosha nilikuta mwiba wa sangara umezama kisiginoni, naye hakuwa amehisi chochote.

Muuguzi alitueleza kuwa linezolidi inaweza kuumiza mishipa ya fahamu, kupunguza damu na hata kuathiri macho, ndiyo maana kila kliniki hupimwa damu na kusomeshwa herufi ukutani. Miadi yetu ni wiki ijayo, lakini yeye anasema ataacha dawa zote kabla ya siku hiyo, jambo linalonitia hofu kuliko ganzi yenyewe.

Je, kwa waliofika hapo, daktari alipunguza dozi au aliisimamisha linezolidi peke yake? Ganzi ilichukua muda gani kupungua? Na mlizungumza vipi na mgonjwa aliyechoka, hadi akakubali kurudi kliniki kabla ya miadi badala ya kuacha dawa kimyakimya?