Mjadala: Mifumo ya kompyuta ya taasisi za umma ipokelewe kwa saini au kwa skripti?

Mleta mada, Kijitonyama

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa kina maana linagusa pesa ya kila mlipa kodi.

Taasisi ya umma ikitengenezewa mfumo, hatua ya mwisho kabla mkandarasi hajalipwa ni UAT, yaani watumiaji kuujaribu mfumo na kukubali kuupokea. Wengi mnajua inavyofanyika. Watumishi wanatolewa Dar wanapelekwa Morogoro au Bagamoyo, wanajifungia ukumbini, kila mmoja na jedwali lake lililochapwa: hatua za kufuata, matokeo yanayotarajiwa, na sehemu mbili za kuweka vema, "imefaulu" au "haijafaulu". Mkandarasi anapita nyuma yao akiwaonyesha pa kubofya. Ijumaa karatasi zinasainiwa. Baada ya wiki chache mkandarasi anagusa kitu kimoja, anapandisha toleo jipya, na hakuna anayerudi kuyajaribu yale yote yaliyokwisha kuwekewa vema.

Hoja yangu ni hii: kila mkataba wa mfumo wa umma useme kwamba majaribio ya kupokea yaandikwe kama skripti, yaani orodha za amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe, za kuendeshwa kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), skripti hizo ziwe mali ya taasisi, na zipite zote kila toleo jipya linapoletwa. Zisipopita, toleo halipandi na malipo hayatoki.

Kwa nini terminali? Kwa sababu kila amri ikimaliza huacha namba. Ikiacha 0, mambo yamekwenda sawa. Ikiacha namba nyingine yoyote, kuna kosa. Skripti inaomba kumbukumbu namba ya malipo, inahakikisha tarakimu ni 12, inatuma malipo ya majaribio, inauliza kama deni limefutika, kisha inalinganisha jibu na faili la matokeo tuliyokubaliana. Ukiiweka kwenye cron, kipanga ratiba cha kompyuta, inajiendesha kila usiku.

Chukueni majina yetu tu. Kuna mfumo wa taasisi moja, siitaji, uliopita UAT bila doa kwa sababu ukumbini kila mtu aliandika Juma Ali na Asha Hamisi. Ulipofunguliwa kwa wananchi akaja mama ambaye jina lake la ukoo linaanza na Ng'. Ile ritifaa, yaani alama ya ', ikakata swali lililokuwa linakwenda kwenye hifadhidata, ukurasa ukawa mweupe, mama akaambiwa arudi kesho. Skripti fupi ingesajili mamia ya majina ya Kisukuma na Kijaluo kabla ya saa ya chai. Na fomu inayokatwa na ritifaa ndiyo hiyo hiyo mdukuzi anapitishia amri zake, kwa hiyo hapa hatuzungumzii usumbufu tu.

Wenzetu nao yamewakuta. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamishia wateja wake kwenye mfumo mpya, na wateja hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Uchunguzi ulionyesha kwamba majaribio ya kuupima mfumo kwa uzito wa kazi yalifanywa kwenye kituo kimoja tu cha data kati ya viwili. Desemba 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Ubungo

Naunga mkono hoja. Niongeze tu kwamba data za kujaribia ziwe za kubuni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini bado unakuta faili la wananchi halisi, simu na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) humo humo, limekaa kwenye kompyuta mpakato ya mkandarasi "kwa ajili ya majaribio".

Mchangiaji, Mbezi

Mleta mada, nakuheshimu, ila unaiamini skripti kupita kiasi. Mimi kazi yangu ni hizo hizo skripti.

Umeisifu ile 0. Sasa chukua curl, amri ambayo kila mtu anaitumia kuita seva. Usipoiwekea chaguo la -f, seva ikijibu 500, maana yake imepata hitilafu huko ndani, curl inaacha 0 bila wasiwasi, kwa sababu kwa upande wake imepata jibu. Au mtu anataka ripoti ibaki kwenye faili, anaandika `./majaribio.sh | tee ripoti.txt`. Namba inayotoka hapo ni ya tee, amri inayonakili ripoti kwenye faili, si ya majaribio. Majaribio yote yanaweza kuanguka na bado ukapata 0, mpaka mtu akumbuke kuweka `set -o pipefail`, inayolazimisha kosa la majaribio lionekane.

La tatu ndilo baya zaidi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ikitumwa kama namba badala ya maandishi, programu nyingi hushika sawasawa tarakimu kama 15 au 16 za mwanzo, za mwisho zinabadilika. Excel ndivyo ilivyo, JavaScript ndivyo ilivyo, na matoleo ya zamani ya jq, chombo ambacho skripti zetu nyingi hutumia kusoma majibu, ndivyo yalivyo. Kwa hiyo mfumo unaharibu namba, skripti inaiharibu kwa namna ile ile, zinalinganishwa, zinafanana, inaandikwa "sawa". Mtu aliyekaa na kitambulisho mkononi angeliona.

Na hizo skripti ataziandika nani? Mkandarasi? Hapo mwanafunzi anajitungia mtihani.

Mchangiaji, Temeke

Jamani, mimi si mtu wa kompyuta, napokea wagonjwa dirishani. Nisemee upande wetu.

Mfumo unaweza kupita hizo skripti zote na bado ukatushinda. Tuliletewa mmoja ambapo ili umpeleke mgonjwa kwa daktari unafungua kurasa nne, na kila ukurasa unakuuliza tena jina lake. Majibu yote ni sahihi. Lakini saa mbili asubuhi nina foleni imefika getini, mtoto analia, umeme umekatika na kurudi, na mfumo umenitoa nje bila kuhifadhi nilichoandika. Hiyo skripti italijuaje? Msiuondoe ukumbi mkatuondoa na sisi.

Mleta mada, Kijitonyama

Dada wa Temeke, nimekupata, na hoja yangu naibadilisha: ukumbi ubaki, ila tuutoe Morogoro tuulete dirishani kwako, foleni ikiwa pale pale. Binadamu apime kile ambacho ni yeye tu anaweza kukiona. Kuhesabu tarakimu tumwachie kompyuta.

Mkuu wa Mbezi, yote matatu ni kweli. Dawa yake ipo: hakuna skripti ya kuaminiwa kabla haijaonekana ikishindwa. Siku ya kuipokea, tuharibu mfumo wa majaribio kwa makusudi. Tuifanye seva ijibu 500, tubadilishe tarakimu ya mwisho ya NIDA, tulipe deni mara mbili. Skripti itakayobaki inasema "sawa" inarudishwa kwa aliyeiandika. Ile ya curl na ile ya tee zinanaswa hapo hapo.

Lakini usiiache karatasi ipite bila kuulizwa. Mwaka 1999 Posta ya Uingereza iliupokea mfumo wa Horizon huku pande mbili zikiwa zimebishana, katika hatua ya upokeaji yenyewe, kuhusu kasoro za hesabu zake. Saini zikawekwa. Zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha vituo vya posta wakaja kutiwa hatiani kwa upotevu wa fedha ulioonekana kwenye mfumo huo. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika.

Mchangiaji, Mbezi

Kwa sharti hilo la kuharibu kwanza, nakubali. Swali la nani aandike bado hujalijibu.

Mleta mada, Kijitonyama

Taasisi yenyewe iandike matokeo yanayotarajiwa, kwa Kiswahili, kabla zabuni haijatangazwa. Kuyageuza kuwa skripti wapewe vijana wasio na uhusiano wowote na mkandarasi. CoICT, chuo cha TEHAMA cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo hapa Kijitonyama, DIT, taasisi ya teknolojia, ipo mjini, wahitimu wanazunguka na bahasha. Pesa itoke kwenye fungu lile lile la posho za kujifungia.

Mchangiaji, Temeke

Basi kwenye kuandika hayo matokeo muweke mtu wa dirishani, msiwaachie wakurugenzi. La kwanza naliandika hapa hapa: mgonjwa amefika usiku, kadi yake ya bima imeisha jana, ana mtoto ambaye bado hajaandikishwa. Mfumo uwapokee wote wawili, na suala la malipo lisubiri asubuhi.