Mjadala: Trauti wa kupandikizwa, mvuvi amrudishe majini au aondoke naye?

Kimia: Tuseme ziwa ni la kuchimbwa, la hekta 2, kina mita 4 penye shimo, na trauti wa upinde wa mvua, samaki wa maji baridi, wanapandikizwa, yaani wanaletwa na kuachiwa humo, wakiwa na gramu 500 hivi. Msimamo wangu ni kwamba ruhusa ya kurudisha samaki ifutwe. Mvuvi akipata wawili, awachukue, akunje mshipi. Trauti huyu hazaliani ziwani, anataka kijito chenye changarawe na maji yanayopita. Ukimrudisha huongezi kizazi, unaongeza samaki mwenye kidonda. Na msinijie na habari za hewa, mashine ya kutia hewa majini ikiwashwa mchana jua likiwa kali inatosha.

MajiBaridi: Mchana? Mkuu, utaua samaki wa watu. Mchana mwani na magugu maji vinatoa oksijeni vyenyewe. Jua likizama, kila kilichomo kinavuta na hakuna kinachotoa, ndiyo maana kiwango cha chini kabisa hupatikana karibu na alfajiri. Washa saa nne usiku, zima saa mbili asubuhi. Ukisukuma hewa ya moto mchana kutwa unalipasha ziwa joto. Maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 yanabeba 9 tu, na samaki wa kwenye joto anahitaji nyingi zaidi. Ikishuka chini ya 5 trauti anaacha kula. Ikifika 3 unaanza kuokota mizoga.

Ndoano: Turudi kwenye swali jamani. Hicho kidonda anakisababisha mvuvi asiyejua kushika samaki. Jino la ndoano libanwe kwa koleo mpaka lilale. Wavu wa mkononi uwe wa mpira, usio na mafundo, maana mafundo yanakwangua ule utelezi na kuvu inapata pa kuingilia. Lowesha mikono. Ndoano ichomolewe samaki akiwa majini, wala asiinuliwe kwa picha. Wanaokufa kwa wingi ni waliomeza chambo hadi kooni. Huyo usimvute, kata mshipi karibu na mdomo umwachie.

Kifaranga: Ndoano, hayo yote ni sahihi maji yakiwa nyuzi 14. Yakifika 20, samaki aliyepigana dakika tano anaondoka vizuri mbele ya macho yako, halafu anakufa usiku. Kwenye joto hilo uvuvi usimame kabisa, siyo kurudisha tu. Kimia naye asipitwe na hili: kutozaliana hakumzuii jike kujaza mayai. Msimu ukifika mayai yanakosa pa kutagwa, samaki anakonda, ngozi inakuwa nyeusi. Agiza samaki tasa, wale ambao mayai yao yalishtuliwa kwa joto au mgandamizo mara tu baada ya kurutubishwa wakabaki na seti tatu za kromosomu.

Kimia: MajiBaridi, sijaomba somo la jua na mwezi. Mashine ninayoisemea ni ya juu, inarusha maji hewani. Haina mrija chini wala haisukumi hewa ya moto. Soma kwanza.

MajiBaridi: Hiyo ya juu ndiyo mbaya zaidi mchana. Unayatawanya maji matone matone kwenye hewa yenye joto kuliko ziwa, halafu unashangaa kipimajoto kupanda?

Tabaka: Mnagombania saa, tatizo lenyewe mmelipita. Katika msimu wa joto ziwa la kina hicho linaweza kugawanyika: juu joto, chini baridi. Kule chini uozo wa majani na mwani unamaliza oksijeni. Trauti anabanwa katikati, akipanda anaungua, akishuka anakosa pumzi. Weka sahani za viputo, zile zinazotoa hewa kutoka chini, kwenye kina kabisa, anza mapema kabla tabaka halijajengeka. Ukichelewa, usiwashe siku nzima kwa pupa, maana utayapandisha yale maji yanayonuka yai bovu na ziwa lote litakosa hewa kwa saa chache. Siku ya kwanza nusu saa, ya pili saa moja, ya tatu mbili, endelea kuzidisha hivyo hadi iwake usiku kucha.

Chura: Mbona hakuna anayeuliza kama trauti anapaswa kuwepo? Huko Sierra Nevada, California, waliwekwa kwenye maziwa ya mlimani yasiyokuwa na samaki, vyura wakatoweka. Walipotolewa kwa nyavu, vyura wakarudi. Trauti wa upinde wa mvua yuko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Ndoano: Chura, hoja yako ni nzito, ila bwawa la kuchimbwa si ziwa la mlimani. Wavu wa chuma uwekwe kwenye mfereji wa kutokea maji, matundu yawe madogo kuliko kichwa cha samaki, na majani yaondolewe kila siku. Wavu ukiziba, maji yanapita juu na samaki wanakwenda nayo mtoni.

Kifaranga: Na samaki tasa akitoroka hazai huko. Lakini ninachokiona mimi ni kwamba ugomvi wa kurudisha unatokana na kupandikiza wengi kwa mkupuo. Weka wachache kila wiki mbili, hapatakuwa na samaki wakongwe waliojaa chawa wa samaki na wanaokimbia kila chambo. Wasipewe chakula kwa saa 24 hadi 48 kabla ya safari. Tangi liwe na mtungi wa oksijeni. Mkifika, ingizeni maji ya ziwa kwenye tangi kwa pampu taratibu mpaka joto lilingane, ndipo muwafungulie. Kwa chawa, ning'iniza mbao wima majini. Wanataga juu yake. Zitoe kila wiki, zikwangue, zikauke juani.

Kimia: Kila wiki mbili ni gari la tangi kila wiki mbili. Nani analipa?

MajiBaridi: Anayelipa mizoga. Na kipima oksijeni mnakishusha wapi? Kama ni ukingoni, mashine ikiwa inarusha maji pembeni, namba hizo hazina maana. Kishusheni penye shimo, mita moja moja hadi chini, kabla jua halijachomoza.

Kimia: Penye shimo, ndiyo. Bado hujajibu kuhusu samaki wawili kwa mvuvi.