Tupeane uzoefu: watoto wanaoogopa mvua baada ya mafuriko

Mama Ahero (mwanzisha mada)
Wazazi wenzangu, huku Kano jua linaweza kuwaka vizuri, lakini mvua ikinyesha milima ya Nandi, mto Nyando unatufuata usiku. Watoto wanalijua hilo. Binti yangu akiona wingu upande ule, hali tena chakula. Kila jioni alikuwa anapakia mkoba wake, anaupakua, anaupakia upya. Kumwambia "usiogope" hakukusaidia, kwani mto si anauona? Nikampa kazi: mkoba uwe wa nyumba nzima, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, tochi. Tunaupanga pamoja Jumapili, tunautundika msumarini, kisha hakuna kuugusa. Sasa analala. Ninyi mlifanyaje?

Baba Pacha, Solai
Bwawa la huku kwetu lilipasuka usiku wa Mei 9, 2018. Miaka ile vijana wangu walikuwa wadogo. Mmoja lori likinguruma tu anakimbilia mlimani. Mwingine akawa anachimba bwawa la matope, analibomoa, analichimba tena, kutwa nzima. Shosho yao akamkataza, eti anaita mikosi. Mwalimu wake akasema mwacheni, ila kaeni naye mumuulize, "Na maji yakishapita, watu walienda wapi?" Siku moja akajenga barabara ya kupanda juu, halafu gari la kubeba watu. Bwawa akaendelea kulibomoa, lakini watu wake wakawa wanapona.

Jirani wa Mai Mahiu
Mimi nitasema la uchungu. Baada ya mafuriko ya Aprili 29, 2024, kuna mtoto huku kwetu aliambiwa rafiki yake "amesafiri". Basi mama yake akitaka kwenda Naivasha, mtoto anapiga mayowe na kung'ang'ania leso yake. Hasemi kwa nini. Shangazi ndiye aliyekata shauri, akamwambia wazi kwamba rafiki alikufa, maji yalimchukua, na hatarudi. Alilia sana. Ila mama sasa anaenda sokoni.

Msomaji tu
Wangu ana miaka tisa na amerudia kukojoa kitandani. Kiboko kidogo hakiwezi kumaliza hiyo?

Mwalimu wa chekechea (PP2), Budalang'i
@Msomaji tu, hapana. Utaongeza hofu juu ya hofu. Badilisha shuka bila kelele, mpeleke choo kabla ya kulala, na aliyelala peke yake mlaze karibu na mtu kwa muda.

Mto Nzoia ukivunja tuta, huku tunaona yale yale: tumbo linauma asubuhi na dawa ya minyoo haisaidii, mtoto mpole anaanza kupiga wenzake, aliyekuwa akiongea ananyamaza. Wengi hutulia baada ya wiki kadhaa wakirudishiwa siku yao ya kawaida, yaani uji saa ile ile, shule, mpira, hadithi. Mwaka 2024 kufungua shule kulisogezwa kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, na kambini watoto walikaa tu. Tulipoanza nyimbo na kuruka kamba chini ya mti, hata kina mama walichangamka.

Na tafadhali, wageni wakija na kamera, msimpange mtoto mstarini asimulie jinsi alivyookolewa. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Ikipita kama mwezi bado halali, hali, au anasema afadhali angekufa (hilo la mwisho usilisubirie mwezi), nendeni kituo cha afya au pigeni 116, namba ya simu ya kusaidia watoto. Haina malipo.

Mama Ahero
Asante mwalimu. Na akina baba je? Mume wangu anaamka saa tisa usiku kwenda kutazama mto. Watoto wanamsikia akifungua mlango, wanaamka wote.

Nyar Nyakach
Wetu alikuwa hivyo hivyo. Nilimpa 1199, namba ya simu ya ushauri ya Msalaba Mwekundu, akasema yeye si mwendawazimu. Aliyemweza ni mzee wa kanisa aliyepoteza ng'ombe wake wote. Walikaa chini ya mwembe wakiongea mambo ya ng'ombe hadi jioni. Sasa wanaume wa huku wamepangiana zamu ya kuangalia mto, na asiye na zamu analala.