Salma kwenye mstari wa Greenwich

Salma: Asalaam alaykum jamani. Niko London, Greenwich, juu ya kilima. Baridi inakata masikio. [picha]

Mama: Waalaykum salaam mwanangu. Mbona umepanua miguu mbele za watu?

Salma: 😂 Mama, huo ndo mstari wa digrii sifuri. Mguu mmoja mashariki, mwengine magharibi. Foleni nusu saa.

Juma: Kiingilio?

Salma: Bustani bure, ndani unalipa. Kumbe mstari unapita mpaka kwenye kinjia cha nje, pale hulipi kitu. Nimejua nishatoa pesa.

Juma: Pole yakhe 😂

Salma: Na simu haioneshi sifuri! Sifuri ya setilaiti iko mita 102 mbele, huko kwenye majani.

Ami Khamis (Wete, Pemba): Jumba la nini hilo?

Salma: Shikamoo Ami. La kutazamia nyota. Mfalme Charles wa Pili kaliamrisha 1675, kwa ajili ya mabaharia.

Ami Khamis: Marhaba. Marehemu babu yako alikwenda kwa nyota za Kilimia tu na hakupotea.

Salma: Kaskazini na kusini nyota zinakwambia, Ami. Mashariki na magharibi wataka saa isokosea. Ipo humu ya fundi saa Harrison, ya 1759, upana wake kama kisahani cha chai. Basi nimeikodolea macho hiyo kuliko darubini.

Salma: Haya, mpira mwekundu wa juu ya paa umeshuka! Saa saba kamili. Uliwekwa 1833, meli za mtoni zirekebishe saa zao.

Mama: Saba? Hapa kumi, nshasali alasiri.

Juma: Si tunawazidi masaa matatu.

Salma: Matatu ya serikali. Ya jua ni mawili na dakika 37 hivi. Unguja iko digrii 39 na kidogo mashariki ya mstari huu, na kila digrii ni dakika 4. Ndo maana adhuhuri yetu haiingii saa sita kamili, inavuka.

Ami Khamis: Na Pemba?

Salma: Nyie mko mashariki zaidi. Jua linakuchweeni kabla ya Mjini, kama dakika mbili.

Ami Khamis: Alhamdulillah! Miaka yote nikifuturu kabla yenu mnanambia nna njaa. Juma, umesoma?

Juma: Nimesoma Ami 🙈

Mama: Shemegi, kasema dakika mbili. Wewe mwaka jana ulitutumia picha ya sahani tupu, huku bado hatujaadhiniwa.