Jeli ya kung'aa, krimu ya siagi au royal icing: ipi itavumilia joto la Dar?

binti_mbagala: Wapendwa, nina keki ya sendofu Jumamosi. Mteja anataka waridi jekundu linalong'aa kama kioo, na jina la bibi harusi juu. Ukumbi hauna AC, keki itakaa mezani tangu saa kumi jioni mpaka ikatwe. Nipambe kwa nini?

MamaZulfa: Kwa kung'aa ni jeli tu, mdogo wangu. Krimu ya siagi haing'ai hata uibembeleze. Ila jeli haikauki, inabaki inanata. Kifuniko cha boksi kikiigusa tu, waridi limekwenda. Nunua boksi refu.

fundi_mvita: Na siagi tupu hapo usithubutu. Inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hivi, na joto la mchana Dar mwezi wa pili linafika huko. Sisi Mombasa tunachanganya nusu siagi, nusu mafuta ya mgando ya kupikia. Utamu unapungua kidogo, lakini pambo linasimama.

ukhti_oveni: Jeli pika mwenyewe. Kornifulawa vijiko 2 vya chakula, sukari nusu kikombe, maji kikombe 1, ndimu kidogo. Koroga ikiwa baridi hadi mabonge yaishe, ndipo ubandike. Weupe ukiondoka na ikawa nzito, ipua. Ile ya jelatini iache kwa kazi hii, karibu nyuzi 35 inarudi kuwa maji. Taa za mpiga video zinatosha kuimaliza!

binti_mbagala: Naweza kuimwaga moja kwa moja juu ya krimu nyeupe ya kupiga?

MamaZulfa: Hapana. Jeli ina maji, nyekundu itasambaa kwenye weupe. Chora kwanza kila petali kwa mstari mwembamba wa krimu ya siagi, uwe ukuta. Kisha kata ncha ndogo ya mfuko wa kupambia, jaza jeli kutoka pembeni kwenda katikati. Ukiona kipovu, kitoboe kwa kijiti cha meno kabla hakijatulia. Na ifanye Jumamosi yenyewe, siyo Ijumaa.

wa_tabora: Mimi napinga kidogo. Royal icing, ile ya ute wa yai na sukari ya unga inayokauka ikawa ngumu, mnaionea. Jina liandike siku moja kabla juu ya karatasi ya mafuta, likikauka libandue uliweke kwenye keki. Joto haliliwezi. Bakuli tu lisiwe na hata tone la mafuta, la sivyo ute wa yai hautaumuka. Na liweke mwishoni kabisa, unyevu wa krimu unalilainisha.

fundi_mvita: Kwa jina nakubali. Kwa waridi hapana, litatoka limefubaa.

binti_mbagala: Basi waridi jeli, jina royal icing. Mteja anauliza kama nyekundu itabaki midomoni mwa wageni.

ukhti_oveni: Siagi ndiyo inayokunywa rangi nyingi. Jeli inapitisha mwanga, tone dogo linakolea. Anza na hilo dogo, na mwambie bibi harusi apige picha kabla ya kulishwa.